Ukiongeza Pensheni, Ushuru wa Riba Unabaki Palepale

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp siku hizi, na umeshafika Voi, Mwatate, Wundanyi hadi Taveta. Unasema hivi: mwambie mwajiri wako akukate mshahara zaidi, pesa ziende kwa pensheni kabla ya ushuru, na ushuru wa riba ya akiba yako nao utapungua. Unasikika mtamu, si ndiyo? Tena mara nyingi unakuja na video ya mtu mwenye suti akichora hesabu ubaoni.

Msimamo wetu ni huu: hapa Kenya, nusu ya ushauri huo ni kweli na nusu nyingine si kweli hata kidogo. Pensheni inapunguza ushuru wa mshahara. Ushuru wa riba haiugusi. Na ukifungia pesa zako kwenye pensheni kwa sababu ya ile nusu isiyo kweli, unaweza kujikuta Januari, wakati wa karo, unakopa kwa simu huku una akiba usiyoweza kuigusa. Ndiyo maana tumeamua tuliongelee waziwazi, na hesabu mkononi.

Ushauri huu umetoka wapi?

Umetoka Uingereza, na kule una maana kabisa. Tangu Aprili 2016, sheria yao inamruhusu mtu kupata kiasi fulani cha riba bila kukatwa ushuru. Kiasi hicho kinategemea mapato yake yote. Mwenye mapato ya kawaida anaruhusiwa riba ya pauni 1,000 kwa mwaka. Akivuka pauni 50,270 za mapato, ruhusa hiyo inashuka hadi pauni 500. Matajiri zaidi, wanaovuka pauni 125,140, hawapati ruhusa yoyote.

Sasa chukua mtu anayelipwa pauni 52,000 kwa mwaka na amepata riba ya pauni 900. Amevuka mstari, kwa hiyo pauni 500 za riba ziko salama na 400 zilizobaki zinatozwa asilimia 40, yaani pauni 160. Akikubali mshahara wake upunguzwe kwa pauni 3,000 ziende kwa pensheni, mapato yake yote yanashuka chini ya mstari. Ruhusa yake inarudi kuwa pauni 1,000, na riba yote 900 haitozwi hata senti. Hapo kweli pensheni imepunguza ushuru wa riba.

Wapo watu wetu wengi Uingereza, wakiwemo wauguzi na walezi wa wazee, wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi. Kwa aliye kule, huo ni ushauri mzuri. Shida inaanza anapomtumia dadake aliye Voi video ile ile, na dada anaifuata kama ilivyo.

Kenya riba inakatwaje?

Kwetu riba ya benki haijumlishwi na mshahara. Benki inapokulipa riba, inakata asilimia 15 papo hapo na kuipeleka KRA. Huu ndio ushuru wa zuio, unaokatwa kabla pesa hazijakufikia. Kwa mtu binafsi anayeishi Kenya ushuru huo ni wa mwisho: ukishakatwa, yameisha. Huongezewi kwa sababu mshahara wako ni mkubwa, na hupunguziwi kwa sababu ni mdogo.

Ndivyo ilivyo kwa akaunti ya akiba ya benki unayoifikia kwa simu, kwa akaunti ya muda maalum, na pia kwa zile hazina za uwekezaji wa pamoja ambazo wengi huziita MMF. Ile riba unayoona imeingia kwa simu mara nyingi imeshakatwa tayari, ndiyo maana watu hawajui kama wamelipa ushuru. Na salio la kawaida la simu, lile la kutuma na kulipia, halikuletei riba, kwa hiyo hapo hakuna cha kukatwa.

Basi jiulize: kama ushuru wa riba ni asilimia 15 kwa kila mtu, kupunguza mshahara kutaubadilishaje? Hakuwezi. Ukipata riba ya shilingi 2,000, unakatwa 300. Ukiongeza pensheni kesho, riba ya shilingi 2,000 bado itakatwa 300.

Peislipu inabadilika wapi?

Hapa ndipo ile nusu ya kweli ilipo. Mchango wa pensheni kwenye mpango uliosajiliwa unaondolewa kwanza kwenye mshahara kabla ya kupiga hesabu ya PAYE. Tangu 27 Desemba 2024, kiwango cha juu kinachoruhusiwa kilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na hakiwezi kuzidi asilimia 30 ya mshahara wako unaohesabiwa pensheni. Kumbuka mchango wako wa NSSF uko ndani ya hesabu hiyo.

Hebu tumchukue mfanyakazi wa loji karibu na Tsavo Mashariki anayelipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. NSSF anakatwa asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,650. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 900. Siku hizi vyote vitatu huondolewa kabla ya PAYE, kwa hiyo mshahara unaotozwa ushuru ni 53,850. Ukipitisha kwenye viwango vya asilimia 10, 25 na 30, kisha ukatoa nafuu ya 2,400, PAYE yake ni kama shilingi 8,538.

Akimwambia mwajiri aongeze mchango wa hiari wa 5,000, mshahara unaotozwa unashuka hadi 48,850. PAYE inakuwa kama 7,038. Ameokoa 1,500 kila mwezi. Yaani pensheni imepokea 5,000, lakini mfukoni kwake zimepungua 3,500 tu. SHIF na ada ya nyumba hazibadiliki, kwa sababu hizo hupigiwa mshahara wote.

Sasa linganisha njia mbili kwa mwaka mzima. Shilingi 60,000 za mshahara wake, yaani 5,000 mara 12, anaweza kuzichukua kama kawaida, azilipie PAYE ya asilimia 30, abaki na 42,000 za kuweka akiba. Au azipeleke zote 60,000 kwa pensheni. Tuseme kila upande unazaa asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo si ahadi ya mtu yeyote, ni namba rahisi ya kupigia hesabu tu.

Upande wa akiba: 42,000 zinazaa riba ya 4,200, zinakatwa 630, anabaki na 45,570. Upande wa pensheni: 60,000 zinazaa 6,000 na hazikatwi, kwa sababu mapato ya uwekezaji ndani ya mpango wa pensheni uliosajiliwa hayatozwi ushuru. Anakuwa na 66,000.

Tofauti ni shilingi 20,430. Lakini angalia imetoka wapi: 18,000 ni PAYE aliyookoa, 1,800 ni mapato ya hizo 18,000, na ushuru wa riba ni 630 tu. Kwa hiyo anayekuambia ufunge mshahara wako ili kukwepa ushuru wa riba anakuonyesha kipande kidogo kuliko vyote.

Kipande hicho hukua na miaka, hilo tunakubali. Zile 42,000 zikikaa miaka 10 kwa asilimia 10 bila kukatwa, zinafika kama 108,900. Zikikatwa asilimia 15 ya riba kila mwaka, zinafika kama 94,960. Karibu shilingi 14,000 zimeenda. Lakini angalia kilichoziokoa upande ule wa kwanza: ni mahali pesa zilipokaa. Ukubwa wa mshahara haukuhusika. Hilo ndilo tunalotaka ulishike: Kenya, ushuru wa riba unafuata mahali pesa zinapolala. Hata hati fungani za serikali za miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10 badala ya 15, awe mwenye nazo ni waziri au ni mwalimu wa chekechea.

Na wenye mshahara mdogo?

Tuseme ukweli: wengi Taita Taveta hawalipwi 60,000. Kuna wanaofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, madukani Voi mjini, kwenye vibanda vya chakula kando ya barabara kuu ya Mombasa, na kwenye soko la Taveta kwa ndizi na nyanya. Kwao hesabu ni nyingine.

Mshahara unaotozwa ukiwa shilingi 24,000 au chini, PAYE ni sifuri, kwa sababu ile nafuu ya 2,400 inaimaliza yote. Kwa hiyo anayelipwa 18,000 akiongeza mchango wa pensheni wa 1,000, hapunguziwi PAYE hata shilingi. Hana cha kupunguziwa.

Anayelipwa 30,000 yuko katikati. Baada ya NSSF 1,800, SHIF 825 na ada ya nyumba 450, mshahara unaotozwa ni 26,925 na PAYE yake ni kama 731. Akichangia 1,000 zaidi anaokoa 250. Akichangia 2,925, PAYE inafika sifuri. Shilingi ya 2,926 haiokoi kitu upande wa PAYE. Usikubali mtu akuambie “weka nyingi uwezavyo, utaokoa ushuru” bila kuangalia peislipu yako kwanza.

Wafanyabiashara wadogo wanaolipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3 nao hawana nafasi ya kutoa mchango wa pensheni kwenye hesabu, maana ushuru huo hupigiwa mauzo yote. Lakini hata kwao, pesa zikiwa ndani ya mpango wa pensheni uliosajiliwa, mapato yake hukua bila kukatwa ile asilimia 15. Mbao Pension Plan ilianzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, na jina lake linasema yote: mbao kwa siku, shilingi 20, kupitia simu. NSSF nayo ina Haba Haba, inayoanzia shilingi 25 kwa siku. Mtu wa bodaboda anayengoja abiria wa treni pale stesheni ya SGR anaweza kuanza nayo leo bila kuwa na mwajiri.

Hapa tuna neno kwa wanaotunga sheria. Mama anayeuza mboga kutoka Wundanyi, ambaye mapato yake hayafiki kiwango cha kulipa PAYE, akiweka akiba na kupata riba ya 2,000 anakatwa 300. Mkurugenzi wa kampuni Nairobi anayelipa asilimia 35 kwenye sehemu ya juu ya mshahara wake, akipata riba ya 2,000, anakatwa 300 ile ile. Na kwa sababu ushuru huo ni wa mwisho, mama hawezi kudai arudishiwe. Kwa maoni yetu hiyo si haki. Waingereza wana kiasi cha riba ambacho mtu wa kawaida haguswi. Kenya inaweza kuweka kiasi chake, hata kiwe kidogo, ili anayeweka akiba ya mia mia kwa simu asikatwe sawa na mwenye mamilioni. Tunahimiza watu waweke akiba kila siku. Itakuwa vibaya tukinyamaza juu ya kinachokatwa.

Pesa zilizofungwa zina gharama yake

Pensheni si akaunti ya kutoa siku unayotaka. Ukiacha kazi mapema kuna sheria za kiasi unachoweza kuchukua, na kinachobaki husubiri umri wa kustaafu. Hiyo ndiyo nguvu yake, kwa sababu pesa hazitatumika kwenye sherehe ya Disemba. Ndiyo pia hatari yake.

Fikiria umeongeza pensheni kupita uwezo wako, halafu mvua imegoma, mahindi ya nyumbani yameungua, au ndovu wamepita shambani, jambo ambalo wenyeji wa kando ya Tsavo wanalijua vizuri. Au mzee amelazwa hospitali Voi. Unahitaji 10,000 leo. Pensheni haitoki. Unafungua simu, unakopa. Tuchukue mkopo wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30: umelipa 750 kwa mwezi mmoja. Na kama ungekuwa na hizo 10,000 kwenye akiba ya asilimia 10 kwa mwaka, ushuru wa riba ungekuwa shilingi 150 kwa mwaka mzima. Mkopo mmoja wa mwezi mmoja umekula ushuru wa riba wa miaka mitano!

Tunajua sisi ni kampuni ya malipo ya simu na mikopo ya simu ni sehemu ya ulimwengu wetu. Bado tunasema: akiba ya dharura inayokatwa asilimia 15 ya riba ni nafuu kuliko mkopo unaoukopa kwa sababu hukuwa na akiba.

Kwa hiyo mpango unaotupendeza ni huu. Kwanza, jaza akiba ya dharura, angalau matumizi ya miezi mitatu, mahali unapoweza kuifikia kwa simu. Kubali ile asilimia 15, ni bei ya kuwa na pesa karibu. Pili, pesa za karo na kodi ya nyumba za mwaka huu zisiingie pensheni kabisa. Tatu, baada ya hapo, pesa ambazo kweli ni za uzeeni zipeleke kwa pensheni, hasa kama uko kwenye kiwango cha asilimia 25 au 30. Tangu 27 Desemba 2024, anayestaafu akiwa ametimiza umri uliowekwa analipwa pensheni yake bila ushuru. Yaani pesa hizo hazikukatwa zikiingia, hazikukatwa zikikua, na hazikatwi zikitoka. Hakuna akaunti ya akiba inayokupa hayo matatu.

Mambo ya kufanya mwezi huu

Chukua peislipu yako, tafuta mstari wa mshahara unaotozwa ushuru. Ukiwa chini ya 24,000, usiongeze pensheni kwa sababu ya PAYE. Ukiwa juu ya 32,333, kila shilingi 100 unayochangia kutoka sehemu iliyo juu ya hapo inakuokolea 30.

Muulize mhasibu au mtu wa mishahara kama kampuni ina mpango wa pensheni na kama unakubali michango ya hiari. Loji na maduka madogo mengi hayana. Kama hakuna, unaweza kujiunga na mpango wa mtu binafsi na kulipa kwa simu. Hakikisha kwanza mpango umesajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia pensheni, kwa sababu mpango usiosajiliwa haukupi nafuu yoyote ya ushuru.

Ukilipa mwenyewe kwa simu, nafuu haiji yenyewe. Peleka uthibitisho kwa mwajiri aingize kwenye hesabu ya mishahara, au ujaze mchango wako unapowasilisha ritani ya iTax kabla ya 30 Juni. Weka ujumbe wote wa malipo na cheti cha mwaka kutoka kwa mpango wako. Usifute SMS hizo kwa sababu simu imejaa!

Mwisho, fungua taarifa ya akaunti yako ya akiba uangalie riba ya mwezi uliopita. Kama unaona riba na mstari mwingine wa makato, huo ndio ushuru wa zuio. Kama huoni, uliza ni kiasi gani kilikatwa. Ni haki yako kujua.

Hesabu zetu ni za mfano, na hali ya kila mtu ni tofauti, kwa hiyo kwa uamuzi mkubwa ongea na mtaalamu wa ushuru. Lakini mtu akikutumia tena ile video ya mwenye suti, mjibu kwa swali moja: hiyo sheria ni ya nchi gani?